Riwaya Itakufunza Mpangilio, Sauti Itafute Kwingine

Vijana wengi wa Nairobi wanaotamani kuandika hadithi tayari wamewahi kusoma riwaya kwa makini, tena kwa kulazimishwa. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ile ya fasihi, ina alama 80, na mtahiniwa sharti ajue dondoo limesemwa na nani, akimwambia nani, wapi na kwa nini. Kitabu teule husomwa hadi jalada ling'oke. Ajabu ni kwamba kijana huyohuyo, akiketi kuandika hadithi yake, hukwama kwenye aya ya kwanza.

Alifunzwa kutaja mbinu: tashbihi hii, jazanda ile, mbinu rejeshi (hadithi inaporudi nyuma) katika sura fulani. Sidharau hilo, maana bila istilahi hata mazungumzo kuhusu kazi ya mtu ni magumu. Ila mwandishi anahitaji swali jingine: kwa nini mbinu rejeshi imewekwa hapa, na ingeondolewa, hadithi ingepoteza nini?

Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Kongowea Mswahili anasimulia maisha yake mwenyewe, ikiwemo safari ya kumsaka babake. Msimulizi wa aina hiyo ana tatizo la kiufundi: wakati anapoanza kusimulia, tayari anajua kama alimpata au la. Atatufichaje bila kuonekana anatuhadaa? Walibora anambana msimulizi kwenye ujuzi wa umri aliokuwa nao wakati huo; mtoto hajui, basi nasi hatujui. Anayesoma ili ajue mwisho haoni hila hiyo. Huonekana katika usomaji wa pili, penseli mkononi, ukiuliza kila ukurasa: hapa nani anajua nini?

Adam Shafi naye, katika Vuta n'Kuvute, ana siasa tele za Zanzibar ya ukoloni za kutueleza. Hatupi hotuba. Anaanza na Yasmin, binti aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume mkubwa kwake mno. Denge na harakati zake dhidi ya wakoloni wanakuja baadaye, na Yasmin anapompenda Denge, siasa zinatuuma kwa sababu zinamgusa mtu tunayemjali. Miswada mingi ya vijana ninayoipitia hufanya kinyume: ufisadi sura ya kwanza, mhusika sura ya tatu.

Wapo wanaokataa haya yote. Wanasema ukimsoma mwandishi sana utaandika kama yeye, na kwamba fanani wa zamani, wale wasimulizi wa ngano kwa mdomo, walituliza ukumbi mzima bila kufungua kitabu. Hoja ya fanani hainishawishi sana, kwani nao walikaa miaka wakiwasikiliza waliowatangulia. Ile ya kuiga ina uzito. Nimekutana na makanga, yaani kondakta wa matatu, wa Githurai, kwenye karatasi, akimwambia abiria, “Ewe bibi, hebu nipatie nauli yangu.” Makanga huyo hajawahi kupanda gari lolote Nairobi, ametoka kwenye riwaya za pwani na insha za shule.

Hata hivyo, lawama siutupii usomaji wa penseli mkononi. Kitabu ulichokipenda na kukipitia haraka hukuambukiza sauti yake bila wewe kujua, ilhali ulichokichambua unakijua kimekupa nini, hivyo unaweza kukikataa. Na ukimtazama Shafi vizuri, watu wake wanazungumza Kizanzibari kwa sababu Zanzibar ndiyo anayoijua. Cha kuiga kwake ni huo ukaribu na mji wake. Maneno yake mwachie.

Mwandishi wa Nairobi basi ana kazi mbili: mpangilio ausome vitabuni, usemi ausikilize kwenye stendi. Kazi ya pili ina mtego. Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, hubadilika upesi, na wachapishaji wengi wa Kiswahili nchini hutegemea soko la shule, kwa hivyo mhariri atakata maneno mengi ya mtaani. Mimi ningemshauri kijana abakishe machache, ayaweke pale ambapo tendo linaloandamana nayo linamwelewesha msomaji wa Tanga: makanga aseme neno lake huku ameshanyoosha mkono na sarafu zinagongana kiganjani.