Steroidi kwa mgonjwa mahututi wa nimonia: hofu yetu na matokeo ya Kenya

Mgonjwa wa nimonia anapofikishwa wodini akivuta pumzi mara 30 au zaidi kwa dakika, amechanganyikiwa na presha yake imeshuka, madaktari hawabishani juu ya hatua za kwanza: oksijeni, antibiotiki za sindano bila kungojea majibu ya maabara, na kitanda kilicho karibu na macho ya wauguzi. Wanachobishania ni dawa ya bei nafuu inayopatikana hata katika hospitali ndogo, yaani steroidi kama haidrokotisoni na prednisoloni.

Wanaosita wana sababu nzito. Steroidi hutuliza uvimbe wa mapafu kwa kuipunguzia nguvu kinga ya mwili, na kinga hiyohiyo ndiyo inayozuia kifua kikuu kilicholala kisiamke. Katika wodi zetu, mahali ambapo VVU na kifua kikuu ni wageni wa kila siku, si rahisi kujua siku ya kwanza kama kinachomtesa mgonjwa ni kichomi cha bakteria au ni kifua kikuu kilichovaa sura hiyo. Dawa hizi hupandisha pia sukari ya damu. Aidha, utafiti wa kimataifa wa REMAP-CAP uliotolewa mwaka 2025 haukuona manufaa ya haidrokotisoni kwa wagonjwa mahututi, ingawa kundi lisilopewa dawa lilikuwa dogo mno kuweza kumaliza ubishi.

Hata hivyo, hofu hii imepewa uzito kuliko inavyostahili. Wagonjwa wa UKIMWI wenye nimonia ya Pneumocystis, yaani inayoletwa na kuvu, iliyowashusha oksijeni wamekuwa wakipewa prednisoloni kwa miongo kadhaa, na wenye kifua kikuu cha utando wa ubongo hupewa steroidi pamoja na dawa za kifua kikuu. Mwaka 2023 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba, katika vyumba vya wagonjwa mahututi, haidrokotisoni ilishusha vifo vya siku 28 kutoka asilimia 11.9 hadi 6.2. Wengi wetu tuliyasoma matokeo hayo kama habari za nchi yenye mashine za kutosha za kupumulia, tukafunga ukurasa.

Ukurasa huo ulifunguliwa upya Kenya. Utafiti wa SONIA, uliotangazwa mwaka 2025, uliwahusisha watu wazima 2,180 waliolazwa kwa nimonia katika hospitali 18 za umma. Haukuchagua mahututi peke yao, na nusu moja ilipewa steroidi kwa dozi ndogo kwa siku 10 juu ya matibabu ya kawaida. Katika siku 30, walifariki asilimia 26.0 ya waliopata matibabu ya kawaida, na asilimia 22.6 ya walioongezewa steroidi.

Tofauti ya asilimia 3.4 inaweza kuonekana ndogo, na ndiyo maana inafaa kuitazama polepole. Maana yake ni kwamba katika kila wagonjwa 29 hivi wanaopewa dawa hii, mmoja ambaye angezikwa anarudi nyumbani. Nusu ya wagonjwa wa SONIA hawakuwa wamepita miaka 53, umri wa mtu ambaye bado analipa karo na kulima shamba. Tena hiyo 26.0 yenyewe inatisha: mtu mmoja katika kila wanne alifariki ndani ya mwezi, ingawa alikuwa amelazwa na kutibiwa. Pale vifo vilipo vingi kiasi hicho, nafuu ndogo huokoa watu wengi, na madhara makubwa hayakuongezeka miongoni mwa waliopewa dawa.

Ni kweli kwamba madaktari wa SONIA walijua nani anapewa nini, lakini kifo si jambo la maoni. Kinachonipa tahadhari zaidi ni kwamba makadirio ya manufaa ni mapana, yaani manufaa halisi yanaweza kuwa makubwa au madogo kuliko yalivyoonekana, na upande wake wa chini unakaribia kutoonyesha faida yoyote. Mafua makali ya influenza nayo yabaki nje ya mpango huu, kwa kuwa ushahidi uliopo hauyaungi mkono.

Kwa mahututi wa wodini, nadhani mizani imeegemea upande wa kutoa, mradi oksijeni iwepo kwanza, sukari ipimwe kila siku na makohozi yapelekwe kwenye kipimo cha kifua kikuu mapema. Ruhusa hiyo isivuke mlango wa hospitali: prednisoloni na deksamethasoni tayari hununuliwa madukani bila cheti, wengine wakizimeza ili wanenepe, na mwenye kikohozi cha kawaida hana cha kufaidi humo. Dozi iwe na siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye faili, na anayeruhusiwa aambiwe kwamba akiendelea kukohoa kwa wiki mbili arudi apimwe makohozi upya, hata kama kipimo cha kwanza hakikuona kitu.