Intaneti ya Kupigia Magoti

Mke wangu aliponikuta nimepiga magoti nyuma ya meza, kichwa nimekichomeka kati ya ukuta na kompyuta, nasema "ndiyo mwenyekiti, nimekuelewa mwenyekiti," alirudi hatua moja akafunga mlango taratibu. Baadaye alikiri kwamba alidhani nimefukuzwa kwenye kikundi na naomba msamaha. Wala. Nilikuwa napokea simu tu. Ila simu yenyewe ilikuwa imefungwa kamba kama mbuzi, na kamba haikuwa ndefu.

Chanzo ni risiti. Mimi ni katibu wa kikundi chetu, na mwenyekiti alitaka risiti zote za mwaka zimfikie kwa barua pepe kabla ya saa sita usiku. Risiti nilikuwa nazo. Nilishazipiga skana moja moja kwa muda wa wiki mbili, nikaziunganisha kwenye faili moja safi la megabaiti 17, hata mwenyewe nikilifungua nilikuwa najipongeza. Lakini faili hilo lilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani: mzee mwenye Windows 7, skrini yenye kisogo, na feni inayonguruma kama inapandisha mlima na mzigo. Kazi yake ilikuwa mbili tu, kupiga skana na kucheza karata. Intaneti ilikuwa haijaionja kwa miaka mingi, na kama kuna kitu nimejifunza kuhusu wazee waliofunga kwa muda mrefu, ni kwamba siku ukiwafungulia mlango wa jikoni usisimame njiani. Tutafika huko.

Ningeweza kumpigia mpwa wangu, kijana ambaye mambo haya kwake ni kama kupumua. Tatizo lake ni moja: hucheka kwanza, hujibu baadaye. Nikasema leo hapana. Nikatangaza nyumba nzima kwamba nina kazi ya kitaalamu, mtu yeyote asiingie chumbani, na nikafunga mlango.

Nikawasha hotspoti kwenye simu, nikakaa mbele ya kompyuta kuisubiri iione. Nikasubiri. Nikaisogeza simu karibu. Nikaiweka juu ya kasha. Nikaiegemeza kwenye skrini kabisa, uso kwa uso, kama watu wawili unaowalazimisha wapatane. Baada ya nusu saa ndipo lilinijia wazo kwamba kompyuta za mezani za zamani nyingi hazina Wi-Fi. Hazina kabisa, hakuna kifaa hicho ndani. Nilikuwa nampigia filimbi kiziwi.

Basi, waya. Simu inaweza kuipa kompyuta intaneti kupitia waya wa USB, hilo nililijua. Nikachomoa waya kwenye chaja, nikauchomeka upande huu na upande ule, simu ikalia kimlio cha kuanza kuchaji, nikafurahi. Nikaenda kwenye mipangilio. Palipoandikwa kushea intaneti kwa USB pamefifia, hapabonyezeki. Nikapabonyeza kwa kidole gumba. Nikapabonyeza kwa kidole cha shahada, kwa adabu. Nikazima simu, nikawasha. Wapi.

Binti yangu akabisha hodi, akapitisha mkono tu mlangoni (alikuwa ametii amri ya kutoingia) akanipa waya mwingine. "Baba, huo ni wa kuchajia tu." Nikamwambia nalijua hilo, nilikuwa naupima. Kesho yake niliuchuna ule waya wa kwanza kwa wembe, kwa hasira kuliko kwa utafiti, na kweli: ndani mlikuwa na nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi, za umeme. Waya kamili wa USB wa aina ile huwa na nyingine mbili za kupitisha data, kwa kawaida nyeupe na kijani. Aliyeutengeneza wangu aliona hizo ni anasa.

Tundu za USB za mbele zilikuwa zimelegea kiasi kwamba waya ukichomekwa unainama kama mtu anayesinzia. Ikabidi nizunguke nyuma, kule kwenye vumbi, ambako nilikuta kalamu mbili na soksi moja ya mtoto ambaye sasa ana ndevu. Nikachomeka. Waya ulikuwa na urefu wa mita moja, na nusu yake ililiwa na kona ya meza, kwa hiyo simu ilibaki inaning'inia nyuma ya kompyuta, karibu na ukuta. Kumbuka hapo.

Safari hii kompyuta ikaiona simu. Ikaniambia imepata kifaa kipya, ikatafuta draiva (kiprogramu cha kuielewesha jinsi ya kuongea na kifaa hicho), ikakosa, na ikaweka alama ya mshangao ya njano. Ushauri wake ulikuwa nitafute draiva kwenye intaneti. Nikauangalia ushauri ule kwa muda. Ni sawa na mtu kukuambia ufunguo wa nyumba umo ndani ya nyumba.

Lakini mimi ni katibu, si mtu wa kukwama kirahisi. Nikazima kushea, nikatumia simu yenyewe kutafuta draiva, nikapakua faili la kwanza, nikabadilisha simu iwe ya kuhamisha mafaili, nikalikopi kwa waya uleule hadi kwenye kompyuta. Halikufanya kazi. Nikapakua la pili, nikalikopi. La tatu likaja kwa lugha nisiyoijua hata herufi zake. Kila mara faili lilihama kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta kwa sekunde chache, bila shida yoyote, na kila mara nilisema moyoni, "Angalau hili linafanya kazi." Naomba msomaji asicheke bado.

Ukombozi ulikuja kwa bahati. Katika kubofya kwa kukata tamaa nilifika mahali kompyuta inapokuuliza kama ungependa kuchagua draiva mwenyewe kutoka kwenye orodha yake. Orodha ikafunguka, ndefu, na ndani yake kulikuwa na jina linaloanza na Remote NDIS, ambalo ndilo hasa nililokuwa nalisaka kwa saa mbili. Lilikuwa humo siku zote. Limekuja na mfumo wenyewe, na mfumo huo ulitoka mwaka 2009. Nikalibofya, alama ya njano ikafutika, na kwenye kona ya skrini ile picha ndogo ya mtandao ikavua msalaba wake mwekundu.

Nilipiga ukelele. Kutoka sebuleni mke wangu akauliza, "Umepigwa shoti?"

Nikafungua barua pepe. Kivinjari kikakataa. Kikasema cheti cha usalama cha tovuti kimekwisha muda au bado hakijaanza kutumika. Nikajaribu tovuti nyingine: jibu lilelile. Ya tatu: lilelile. Nikaanza kuamini kwamba intaneti nzima imeingiliwa na wezi usiku huo, na nikafikiria kumwonya mwenyekiti. Ndipo macho yangu yakaangukia saa ya kompyuta. Ilisema ni tarehe 1 Januari 2009.

Ndani ya kompyuta kuna kibetri cha duara kama sarafu, mara nyingi CR2032 ya volti 3, kinachoiwezesha kukumbuka saa hata ikizimwa umeme. Changu kilikuwa kimefariki zamani, na kila ikiwashwa ilirudi kuuanza mwaka uleule upya, bila kinyongo. Katika kucheza karata hilo halikuwa na madhara. Lakini tovuti zilikuwa zinaonyesha vyeti vilivyotolewa juzi, na kompyuta yangu, ikiwa imekaa mwaka 2009, ilikuwa inavikataa kwa haki kabisa: ungekuwa wewe ni karani, mtu akakuletea cheti cha kuzaliwa cha mwaka ambao haujafika, ungempokea? Nikarekebisha tarehe kwa mkono. Kila kitu kikafunguka.

Ilikuwa saa mbili usiku. Nikaambatisha faili, megabaiti 17, mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Asilimia 10. Asilimia 25. Asilimia 40. Simu ikaita.

Alikuwa mwenyekiti. Huwezi kuacha kupokea simu ya mwenyekiti, na sikuthubutu kuchomoa waya. Ndiyo nikaingia nyuma ya meza, nikapiga magoti, nikaliweka sikio kwenye simu iliyokuwa imening'inia pale, pua ikiwa kwenye feni inayopuliza vumbi la moto. Alitaka kujua kama risiti zinakuja. Nikamhakikishia zipo njiani. Hapo ndipo mke wangu alifungua mlango, akanikuta, na kuufunga.

Nilipotoka, uso mweusi kama fundi wa magari, mstari wa kijani ulikuwa umesimama na maandishi yanasema imeshindikana. Simu yangu ni ya aina ambayo ikipokea simu hushuka kutoka 4G hadi mtandao wa chini ili sauti ipite, na pale nilipo mtandao wa chini ukibeba sauti haubebi kingine. Mwenyekiti, kwa kuuliza risiti ziko wapi, ndiye aliyezizuia.

Nikaanza upya. Safari hii mstari ulikuwa mzito kupita kiasi, unasogea kama konokono mwenye mawazo. Niliona kingao kidogo kimejitokeza kwenye kona, karibu na saa, lakini nikadhani ni ulinzi, nikashukuru kwamba kompyuta inajilinda. Asilimia 60. Asilimia 80. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Asilimia 90. Asilimia 97.

Simu ikaita. Nikazama tena nyuma ya meza.

"Haloo! Nani?"

"Ni mimi, baba watoto."

"Wewe nani?"

"Mkeo. Niko hapa sebuleni. Umemaliza?"

"Mbona hukuja kuuliza?"

"Si ulisema mtu asiingie?"

Sikuwa na jibu. Nikatoka nyuma ya meza. Imeshindikana. Na kabla sijaketi, simu ikatoa mlio mfupi, ujumbe: bando lako limekwisha. Lilikuwa la gigabaiti 3, nililinunua asubuhi ile.

Kile kingao hakikuwa kinalinda chochote. Yalikuwa masasisho. Kompyuta ilipoonja intaneti tu ikakumbuka miaka yote iliyopitwa, ikaanza kushusha kimyakimya kila sasisho lililokuwa linaisubiri, huku mimi nikigombania nayo njia na megabaiti zangu 17. Mwaka fulani mimi mwenyewe niliiruhusu ijisasishe yenyewe. Niliweka alama ya vema pale kwa mkono wangu, nikijiona mtu makini.

Nikasema labda nikiizima na kuiwasha itatulia. Nikabofya kuzima. Skrini ikageuka buluu na maneno meupe: inasakinisha sasisho la 1 kati ya 143, usizime kompyuta.

Hapo ndipo nilipompigia mpwa wangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Nikamweleza yote, tangu hotspoti hadi 143. Cha ajabu hakucheka. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa upole uliotisha kuliko kicheko:

"Mjomba, zile draiva ulizopakua kwenye simu, ulizihamishiaje kwenye kompyuta?"

"Kwa waya."

"Zikaenda?"

"Zikaenda vizuri tu. Sekunde chache."

"Sasa lile faili la risiti si ungelirudisha kwa njia hiyohiyo hadi kwenye simu, ukalituma kutoka kwenye simu?"

Nikamwambia usiku umekwenda, vijana wanatakiwa kulala, nikakata.

Hata kulikopi sasa nisingeweza. Sasisho la 4 kati ya 143. Nilikaa mbele ya ile buluu mpaka saa sita ikapita, nikamwandikia mwenyekiti kwamba kuna hitilafu ya kiufundi, maneno ambayo sikuyadanganya. Nikalala kitini. Feni ilininyamazia saa kumi na moja alfajiri.

Asubuhi, kwa kuwa yangu haikuwa na bando, mke wangu aliichomeka simu yake kwa ule waya mzima, akalivuta faili, akachomoa, akamtumia mwenyekiti kutoka kwenye barua pepe yake. Alifanya hayo yote amesimama. Jibu likaja kabla hajaiweka simu mezani:

"Asante sana dada, zimefika zote na zinasomeka. Kumbe mtaalamu wa kompyuta yuko hapohapo nyumbani! Mwombe katibu awe anajifunza kwako."

Aliusoma ujumbe kwa sauti. Kisha akausoma tena, polepole, kwa ajili ya waliokuwa chumba cha pili.