Chipu Isimbue Video, Lakini Fremu Inaenda Wapi?

Maktaba huria ya media (msimbo ambao programu nyingine huutumia kushughulikia sauti na video) ikishakomaa kidogo, haikosi mtu wa kuleta kiraka, yaani badiliko la msimbo, kinachoongeza usimbuaji wa video kwa maunzi: kazi ya kufungua video iliyobanwa inaachiwa chipu maalumu. Kwenye mashine yake matokeo ni mazuri: prosesa imepumua, feni imenyamaza, betri inakaa. Wengi wanashangilia. Kisha msimamizi mmoja, kwa kawaida yule aliyeanza na mradi zamani, anauliza maswali yanayosikika kama ubahili: kitajaribiwa kwenye chipu gani? Mwenye kiraka akichoka, nani atakitunza?

Mimi naegemea upande wa kiraka. Tatizo langu ni kwamba watetezi wake wengi wanakitetea kwa hoja dhaifu, nayo ni kasi.

Kasi si mali ya chipu peke yake. AV1, kodeki (muundo wa kubana video), ilipotoka mwaka 2018, chipu za kuisimbua zilikuwa bado hazijafika mikononi mwa watu. Mwaka huohuo VideoLAN, waundaji wa kichezeshi cha VLC, wakaanzisha dav1d, kisimbuzi cha programu tupu ambacho sehemu zake nzito zimeandikwa kwa asembli, lugha iliyo karibu na prosesa yenyewe, mstari kwa mstari, kwa mkono. Hadi leo kinachezesha AV1 kwenye vifaa visivyo na chipu hiyo, na kwenye prosesa yenye viini vingi kinaweza kuiacha chipu nyuma. Faida halisi ya maunzi ni umeme. Sehemu ya silikoni iliyochongwa kwa kazi moja huifanya kazi hiyo kwa nishati kidogo sana, na prosesa inabaki huru kwa mambo mengine. Kwa anayetazama filamu ya saa mbili kwa betri, hilo ni jambo kubwa. Kwa anayegeuza maelfu ya faili usiku kucha, hesabu inaweza kuwa tofauti kabisa.

Chukua fremu moja ya 4K, yaani picha moja ya video, upana pikseli 3840 na kimo 2160. Katika mpangilio wa kawaida wa biti 8, kila pikseli inakula wastani wa baiti moja na nusu, kwa hiyo fremu nzima ina megabaiti 12.4. Kwa fremu 60 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 746 kila sekunde. Biti zikiwa 10, kila thamani inahifadhiwa kwa baiti mbili na mzigo unakuwa maradufu, karibu gigabaiti moja na nusu. Kama fremu inatoka kwenye chipu moja kwa moja hadi kioo cha skrini, mzigo huo haumgusi mtu. Lakini programu ikisema "nirudishie fremu kwenye kumbukumbu ya kawaida", labda kwa ajili ya kichujio au kuchambua sura za watu, data yote hiyo lazima inakiliwe. Njia za data za leo zinaubeba mzigo huo, lakini haziubebi bure, na prosesa ikisoma kumbukumbu ya kadi ya picha kijinga inaweza kupoteza muda mwingi kuliko uliookolewa. Nimeona watu wakiwasha usimbuaji wa maunzi, wanakuta matumizi ya prosesa yamepanda, wanalaumu draiva, programu inayoiendesha kadi ya picha. Draiva haina kosa hapo.

Kichezeshi cha video kinajua fremu inaenda wapi, maktaba haijui. Hapo ndipo wasimamizi wagumu wana haki kuliko wanavyosifiwa.

Na wana hoja nyingine, ya wingi wa violesura, yaani milango ambayo programu hupitia kuifikia chipu. NVIDIA walikuja na VDPAU, Intel wakaja na VA-API, Windows ina DXVA na Direct3D 11, Apple wana VideoToolbox, Android ina MediaCodec. Kila kiolesura kina aina yake ya fremu, kanuni zake za kumbukumbu na makosa yake. Vulkan, kiolesura cha pamoja cha kadi za picha, ilikuja na ahadi ya kuwaunganisha wote: sehemu zake za kusimbua kodeki za H.264 na H.265 zilikamilika Desemba 2022, na ya AV1 mwanzoni mwa 2024. Ni kazi nzuri. Lakini vifaa vya zamani havitapata draiva zake, kwa hiyo kwa miaka kadhaa orodha haifupiki, inaongezeka moja.

Kuna lalamiko moja ambalo silikubali, kwamba maunzi yanasimbua kwa ubora wa chini. H.264, H.265, VP9 na AV1 zimeandikwa hivi kwamba kila kisimbuzi sahihi lazima kitoe jibu lilelile, biti kwa biti. Rangi zikionekana zimepauka, kosa mara nyingi liko baada ya kusimbua, pale fremu inapogeuzwa rangi au kupunguzwa ukubwa na draiva. Kanuni hii ni zawadi kwa wanaojaribu: FFmpeg, maktaba huria maarufu ya media, wana mfumo wao wa majaribio, FATE, unaolinganisha alama za hesabu za kila fremu, na njia ya maunzi inaweza kupimwa kwa kipimo kilekile. Shida ni kwamba seva nyingi za majaribio hazina hizo chipu. Mtihani upo, mtahiniwa hayupo.

Halafu kuna vijimambo. Video ya 1080 haina mistari 1080 ndani ya kisimbuzi cha H.264. Kodeki hiyo inafanya kazi kwa vipande vya 16 kwa 16, na 1080 haigawanyiki kwa 16, kwa hiyo nafasi halisi ni mistari 1088. Kisimbuzi cha programu hukata minane ya ziada kimyakimya. Kwenye maunzi, aliyeandika kiunganishi akisahau kuikata, mtazamaji anaona ukanda mwembamba wa kijani chini ya picha. Kwa nini kijani? Kwa sababu video huhifadhi thamani moja ya mwanga na mbili za rangi, na sifuri tupu kwenye zote tatu, ikigeuzwa kwenda rangi za skrini, ni kijani.

Hayo yote yananifanya nijali kiraka kimejengwaje kuliko kama kipo. Njia ninayoipenda ni ile ya FFmpeg ya kuiweka chipu ndani ya kisimbuzi cha kawaida: maktaba yenyewe inasoma vichwa vya mkondo (maelezo yanayotangulia data ya video), inajua fremu zipi zinarejelewa na nyingine, na chipu inapewa kazi nzito tu. Ikikataa, kisimbuzi cha programu kiko palepale. Na itakataa: chipu nyingi hazijawahi kuikubali H.264 ya biti 10, ingawa faili zake zimejaa duniani. Silikoni nayo hutoweka. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 ilibaki na kisimbuzi cha H.265 lakini ile sehemu ya H.264 iliyokuwa kwenye Pi 4 ikaondolewa, kazi ikarudi kwa prosesa. Hata sheria huingia: mwaka 2022 Fedora, wasambazaji wa mfumo wa Linux, waliondoa H.264 na H.265 kwenye draiva huria za VA-API walizosambaza, kwa hofu ya hataza (haki za wavumbuzi). Chipu ilikuwepo, mlango ukafungwa.

Kisichosemwa sana ni kwamba kurudi kwenye programu katikati ya mkondo si jambo dogo. Fremu iliyokuwa ndani ya kadi ya picha ghafla inakuja kwenye kumbukumbu ya kawaida, na programu isiyotarajia hilo inaanguka. Vilevile, violesura vingi vinataka idadi ya fremu itajwe mwanzoni. H.264 inaweza kushikilia hadi 16 za marejeleo, na programu inayojiwekea nyingine kadhaa kwenye foleni yake inamaliza akiba, video inaganda bila ujumbe wowote wa kosa.

Kwa hiyo ningekipokea kiraka, kikiwa kimezimwa mpaka programu ikiombe, kama kichezeshi cha mpv kinavyofanya kwa sababu hiyohiyo ya kutegemeka. Takwimu za prosesa za mleta kiraka nisingezitazama kwanza. Ningemwomba faili moja ya H.264, kimo 1080, inayoanza na biti 8 na kuhamia biti 10 katikati, na alama za hesabu za fremu zake zote kutoka njia mbili, ya programu na ya maunzi.