Tabaka la kati halijaipokonya Pemba kitu

Hoja imerudi tena miongoni mwa mafundi wa mifumo wa Unguja na Pemba: kanzidata, yaani hifadhi za taarifa za kompyuta, zilizoko kwenye ofisi za Pemba zisimamiwe vipi na watu walioko Mjini, Unguja? Wapo wanaotaka zana ya tabaka tatu, yaani skrini ya msimamizi, seva ya usimamizi katikati (ndiyo tabaka la kati), na programu ndogo ya wakala inayokaa kwenye kila mashine yenye kanzidata. Wapo wanaoipinga, na wengi wao ni wenzetu wa Chake Chake na Wete. Wanasema hiyo ni njia ya kuhamishia madaraka Unguja, na kwamba siku mtandao ukikatika Pemba itabaki imefungwa mikono. Wao wanataka mtindo uliozoeleka uendelee: programu kwenye kompyuta mpakato ya msimamizi, inayoingia moja kwa moja ndani ya kanzidata.

Malalamiko yao yana msingi, na nitayafikia. Lakini tabaka la kati linasingiziwa makosa ambayo mengi yake ni ya huo mtindo wa moja kwa moja.

Tuseme msimamizi yuko Mjini na kanzidata inayoendeshwa na programu ya PostgreSQL iko hospitali moja Pemba. Anafungua muamala, yaani kazi isiyokamilika mpaka ithibitishwe, na kuongeza safuwima moja kwenye jedwali la wagonjwa. Kabla hajathibitisha, ruta ya ofisini kwake inazimika dakika tatu. Ikiwaka, imeshasahau miunganisho yote iliyokuwa ikipitia kwake. Kwa msimamizi kazi imekatika na basi, atafungua upya. Kule Pemba hakuna kilichokatika. Seva haikuagwa, inamsubiri mtu wake, na kufuli ambalo kazi yake ililiweka juu ya jedwali bado lipo. Kufuli la aina hiyo haliishii kuzuia kuandika, linazuia hata kusoma. Karani wa mapokezi anaandika jina la mgonjwa, anabonyeza, alama ya kusubiri inazunguka. Anabonyeza tena. Kila ombi linapanga foleni nyuma ya muamala wa mtu ambaye hayupo.

Watasubiri mpaka lini? Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, mipangilio yake isipoguswa, hukaa sekunde 7,200 za ukimya kabla ya kuanza kuuliza kama upande wa pili bado kuna mtu. Hizo ni saa 2 kamili. Kisha hutuma maulizo 9, kwa nafasi ya sekunde 75 kila moja, ndipo ikate tamaa. Ukijumlisha unapata saa 2, dakika 11 na sekunde 15. Asubuhi nzima ya kliniki imekwenda, na chanzo ni ruta iliyozimika dakika tatu. Wanaozungumzia ubora wa mtandao wetu hupima mtandao umekatika kwa muda gani. Hapa muda wa kukatika hauna uhusiano na muda wa madhara. Hata msimamizi akiingia tena baada ya dakika tano, anapata muunganisho mpya, na ule wa zamani umekaa palepale na kufuli lake. Fundi wa Pemba ambaye hana nenosiri la ngazi ya juu ana njia mbili: apige simu Mjini, au aizime seva nzima na kuiwasha. Kwa hivyo mtindo unaosifiwa kuwa unaiachia Pemba uhuru wake ndio unaomwacha fundi wa Pemba akiwa mtazamaji mbele ya mashine yake mwenyewe.

Nitaambiwa sekunde hizo zinapunguzika. Ni kweli. PostgreSQL ina mipangilio yake ya muda huo, na tokea toleo la 9.6 la mwaka 2016 inaweza kukata muamala uliofunguliwa ukaachwa bila kazi. Ila mpangilio huo huja ukiwa sifuri, maana yake haukati chochote mpaka mtu auwashe, kwenye seva moja moja. Ofisi zetu zina seva ngapi ambazo baada ya kusimikwa hakuna aliyerudi kugusa mipangilio yake?

Tabaka la kati, likikaa jirani na kanzidata, huliondoa tatizo kwenye mzizi. Tazama phpMyAdmin, zana iliyoanza mwaka 1998 na ambayo wanafunzi wetu wengi wa kompyuta waliijua kabla ya nyingine yoyote. Kivinjari kiko kwako, PHP, lugha ya programu inayoiendesha zana hiyo, iko kwenye seva, kanzidata ya MySQL iko nyuma yake. Ukurasa ukiombwa, PHP hufungua muunganisho na kanzidata, hufanya kazi, huufunga. Mtandao ukikatika kati ya Mjini na Chake Chake, kinachopotea ni ukurasa uliokuwa ukirudi kwako. Ndani ya chumba cha seva cha Pemba hakuna muunganisho uliobaki ukimsubiri mtu.

Zana kubwa kama Oracle Enterprise Manager hufanya zaidi ya hayo. Wakala aliye kwenye mashine ya Pemba hupima hali ya kanzidata papo hapo, na asipoifikia seva ya usimamizi huyaweka matokeo kwenye diski yake mpaka njia ifunguke. Jambo kubwa kuliko hilo, katika mjadala huu wa madaraka, ni nywila. Mtindo wa moja kwa moja, kwa jinsi tunavyouendesha kweli, ni nywila moja ya mkuu wa kanzidata inayozunguka kwenye kompyuta mpakato za watu watano, wengine wameshahama kazi. Ama unayo, na una kila kitu, ama hunayo. Kwenye zana ya tabaka tatu mtu huingia kwa jina lake, hupewa ruhusa ya kutumia nywila bila kuiona, na kumbukumbu hubaki ya nani alifanya nini. Kwa mara ya kwanza Pemba inaweza kupewa madaraka kwa vipande vinavyoeleweka, na mkubwa wa Mjini asiwe na kisingizio kwamba hawezi kutoa kidogo bila kutoa chote.

Sasa hoja za wanaopinga. Yenye nguvu kuliko zote wengi wao hawaisemi. Katika Oracle Enterprise Manager ya siku hizi, ratiba ya kazi inakaa kwenye seva ya usimamizi, na hiyo ndiyo inayomtuma wakala saa ikifika. Kama nakala rudufu ya Pemba imepangwa kufanyika saa nane usiku kwa ratiba hiyo, na saa nane njia ya mtandao ya baharini imekatika, usiku huo nakala haifanyiki. Hapa wana haki kabisa. Dawa yake ni kuiacha ratiba ya nakala ndani ya kanzidata yenyewe au kwenye mfumo wa mashine ya Pemba, na zana ya kati iwe ya kukagua kama imefanyika. Anayeleta zana hizi bila kulisema hilo hajaifanya kazi yake.

Hoja ya uzito nayo ipo. Seva ya usimamizi inataka kanzidata yake ya kumbukumbu, mashine yenye nguvu, na mtu wa kuihudumia. Ofisi yenye kanzidata mbili haihitaji mzigo huo, phpMyAdmin inaitosha. Na anayeivamia seva ya kati amefika kwenye kanzidata zote kwa mpigo, kwa hiyo ulinzi wake hauwezi kuwa wa kubahatisha.

Inabaki swali la mahali, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa Mjini. Umeme wa Unguja unaingilia Fumba kwa waya wa chini ya bahari unaotoka Ras Kiromoni. Umeme wa Pemba, tokea mwaka 2010, unatoka Tanga. Visiwa viwili, nyaya mbili, na kimoja kinaweza kuwa gizani kingine kina taa. Aliyekuwapo Unguja mwezi wa Mei 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, anajua waya ukiharibika hadithi si ya saa chache: mara ya kwanza ilikuwa karibu mwezi, mara ya pili kama miezi mitatu. Waya wa pili wa megawati 100, wa mwaka 2013, umepunguza hofu, haujaifuta. Kuziweka seva zote za usimamizi Unguja ni kuifunga Pemba kwenye waya usiokuwa wake. Zana hizi zinaruhusu seva ya usimamizi zaidi ya moja, na moja ya akiba ikikaa Chake Chake, wanaodai kwamba tabaka la kati ni la Mjini peke yake watakuwa hawana tena la kushika.

Mashine peke yake haitoshi, yanatakiwa maandishi. Kabla zana yoyote haijasimikwa, waraka utamke kwamba fundi wa zamu wa Pemba anaweza kukata muunganisho uliokwama, kuanzisha nakala rudufu na kuirejesha bila kuomba ruhusa Mjini. Nywila ya dharura ikae Pemba, kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu, ifunguliwe mbele ya watu wawili, na ibadilishwe kila inapotumika.