Msiwasahau wainjilisti wa vijijini

Habari inasema semina ya wachungaji itafanyika Tabora mjini mwezi Novemba. Nashukuru sana, lakini jamani, Novemba mvua zinaanza, na huku kwetu wilayani Kaliua watu wako shambani wanahamisha miche ya tumbaku. Mwinjilisti wetu ni mkulima kama sisi, mshahara hana. Mchungaji ana mitaa mingi, yaani makanisa madogo ya usharika wake, anafika kwa ibada ya Meza ya Bwana na kuondoka. Jumapili zilizobaki zote ni za huyu mwinjilisti: anahubiri, anazika, anaamshwa usiku kusuluhisha wanandoa. Biblia yake ameishona kwa uzi wa gunia, na kitabu kingine hana. Wa kufundishwa hasa ni yeye! Wakufunzi waje huku Julai, mavuno yakishaisha. Chakula na malazi washarika tutachangishana.