Shikamoo, Kisha Malkia

Kwa wiki tatu nilikuwa bingwa wa dunia wa chesi, usiku, kwenye simu, shuka kichwani. Siri yangu ilikuwa Gambiti ya Englund, ufunguzi wa kutoa askari kama chambo. Mweupe akifungua kwa askari d4 (herufi na namba ni jina la mraba), mweusi anajibu e5, yaani anamtupia mwenzake askari mdomoni. Akimla, mweusi anatoa farasi c6. Mweupe akileta farasi f3 kumlinda askari wake, malkia mweusi anakuja e7 amkodolee macho askari huyo. Mlafi anaongeza ulinzi kwa askofu f4, na chambo kimeshamezwa: malkia anaruka b4 na cheki, yaani anamshambulia mfalme, askofu anarudi d2 kuziba, malkia anamla askari wa b2.

Hapo mweupe huona askofu c3 ni zawadi ya Mungu, kwa kuwa anamshambulia malkia na kuilinda ngome ya a1 kwa mkupuo mmoja. Subiri. Askofu wangu anatua b4, na yule wa c3 hawezi tena kumgusa malkia, maana d2 imebaki tupu na nyuma yake yuko mfalme: akisogea, mfalme anabaki wazi kwa askofu wangu. Akileta malkia d2, namla askofu. Akinirudishia kwa malkia, wangu anashuka c1. Chekimeti, mfalme hana pa kukimbilia, hatua ya nane. Akirudisha kwa farasi, ngome ya a1 ni yangu. Watu walikuwa wanazima simu bila kuaga.

Ubovu wake ni kwamba yote yanategemea mtu akosee hatua ya sita. Akiweka farasi c3 badala ya askofu, mweusi hana cha kusema. Hilo nilikuwa nimelisoma, nikalipita kama mtu anavyopita maelezo ya madhara kwenye karatasi ya dawa.

Basi nikajiandikisha mashindano ya wikendi, dakika 15 kila mtu na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua. Raundi ya kwanza nikapewa kete nyeusi na binti wa kama miaka kumi na mmoja, soksi nyeupe hadi magotini.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, mwanangu." Nilimwonea huruma kabisa.

Akafungua d4. Hatua tano za kwanza tulizicheza kwa sekunde kama 20, mimi nikijizuia kutabasamu. Ya sita akashika farasi, si askofu. Farasi c3.

Mwenye akili angesimama hapo afikiri. Mimi mkono wangu ulikuwa umezoea simu, ukaenda wenyewe: askofu b4. Ngome yake ikaja b1, malkia wangu akakimbilia a3. Ngome b3, malkia a5. Akasogeza askari e4, nami nikaona ametulia, nikatoa farasi e7 nijiandae kujikinga. Kumbe e4 ilikuwa inafungua njia ya askofu wake wa f1! Ngome ikapanda b5, ikimgonga malkia. Kuila siwezi, inalindwa na farasi na askofu. Nikarudi a6.

Binti akaichukua ngome yake na kumlia askofu wangu wa b4.

Moyo ukaruka. Ngome ya bure! Farasi wangu wa c6 anaiona pale. Nikamnyanyua farasi, tena kwa madaha, na alipokuwa hewani usawa wa bega langu ndipo nikaona: ngome imeondoka b5, kwa hiyo kutoka f1 hadi a6 hakuna hata kete moja katikati. Askofu wake anamtazama malkia wangu uso kwa uso.

"Natengeneza," nikasema.

Neno hilo lina kazi yake, lakini husemwa kabla ya kugusa kete, kwa ajili ya kuinyoosha kwenye mraba wake. Halisemwi kete ikiwa imefika begani. Mwamuzi alikuwa nyuma yangu. "Umemgusa, msogeze."

Na hakuna mraba ambao farasi huyo angekwenda akamwokoa malkia. Nikaila ngome, akamla malkia, nikamla askofu. Hesabu ya jumla: malkia wangu ameondoka kwa bei ya ngome moja. Hatua kumi baadaye nilimpa mkono, nimeshindwa.

"Asante, anko. Mwalimu alituambia tusimweke askofu c3."

Raundi ya pili, kete nyeusi tena. Mzee wa makamo, d4. Kabla sijawaza, vidole vilikuwa vimeshamshika askari wa safu ya e. Mwamuzi akakohoa. Kanuni inanilazimisha nimsogeze, ila haisemi miraba mingapi. Nikamsogeza mmoja.