Naitetea televisheni inayochosha

Kuna chaneli moja ya Marekani ambayo nikiisifu mbele ya jamaa zangu wanadhani natania. Haina muziki wa kutisha kabla ya habari. Haina wachambuzi wanne waliobanwa kwenye vidirisha wakikatana kauli. Haina tangazo la biashara hata moja. Mheshimiwa anasimama, anaongea juu ya mgawo wa fedha za barabara, anakaa, anasimama mwingine naye anaongea hayohayo. Seneti ikiwa inasubiri akidi na hakuna anayesema kitu, wao wanakuwekea muziki taratibu wa kale wa Ulaya, nawe unatazama ukumbi. Inaitwa C-SPAN, na mimi sijaona televisheni ya siasa yenye heshima kwa mtazamaji kuliko hiyo.

Najua hoja ya upande wa pili: nani ana muda? Bando lenyewe tunalihesabu kwa megabaiti. Lakini uchoshi huo ndio ninaoutetea. Siasa kwa sehemu kubwa ni kazi ya kuchosha, na anayekuletea sekunde ishirini zilizochangamka ameshakuchagulia la kuona na la kukosa.

Mwanzilishi wake ni Brian Lamb, mzaliwa wa Lafayette, Indiana, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la wanamaji kabla ya kuandikia jarida la biashara ya kebo jijini Washington. Miaka ya sabini aliwazungukia wenye kampuni za kebo akiwaomba wachange ili Baraza la Wawakilishi lionekane majumbani. Aliyefungua mkoba wa kwanza ni Bob Rosencrans, kwa dola 25,000. Tarehe 19 Machi 1979 matangazo yakaanza, na mbunge wa kwanza kusema mbele ya kamera hizo alikuwa kijana wa Tennessee anayeitwa Al Gore. Chaneli nzima ilikuwa na wafanyakazi wanne, na ilifika kwenye nyumba zipatazo milioni 3.5. Seneti ikagoma mpaka 1986. Wazee wale waliona aibu ya kamera kwanza, kisha wakaona aibu kubwa zaidi ya kusahaulika huku wenzao wa upande wa pili wakijulikana kwa sura hadi vijijini.

Hela inatoka wapi? Si serikalini. Wengi hata Marekani kwenyewe wanaikosea hapo. Kila nyumba iliyolipia kebo au dishi, senti chache kwa mwezi ndani ya ankara zinakwenda C-SPAN. Wala tusiwavishe wenye kebo kilemba cha utakatifu. Walikuwa wanategemea sheria za Washington kwa biashara yao, na hakuna njia nzuri ya kupendwa na mbunge kama kumpa televisheni ya kuonekana. Walitoa kwa hesabu zao. Mimi mwananchi hilo halinikeri, maadamu hakuna waziri anayeweza kumpigia simu mkurugenzi akamwambia hiki kitoe.

Ila kamera si zao, na hapo ndipo panaponivutia zaidi. Ndani ya ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, kamera ni mali ya Baraza na zinaendeshwa na wafanyakazi wa Baraza. C-SPAN wanapokea picha tu. Kwa hiyo kinachoonekana ni kile Spika anachoridhia: anayezungumza, meza, kiti cha Spika, basi. Aliyelala haonekani, wala anayenong'onezwa pembeni.

Newt Gingrich aliligundua hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya themanini yeye na wenzake wachache wa Republican walizoea kusubiri shughuli za siku ziishe, wakati ambapo kanuni inamruhusu mbunge kusema lolote. Wakasimama kuwashambulia Democrats, wakauliza maswali makali, wakanyamaza kidogo kana kwamba wanasubiri jibu. Aliyekuwa nyumbani akaona watu wameshindwa kujibu. Kumbe ukumbi ulikuwa mtupu, wenzao wameshakwenda kula. Mwezi Mei 1984 Spika Tip O'Neill akachoka na mchezo huo. Bila kumwonya mtu, akaamuru kamera izungushwe ukumbi mzima. Robert Walker alikuwa katikati ya hotuba, na taifa likaona viti vitupu. Siku chache baadaye O'Neill alimfokea Gingrich ukumbini kwa maneno makali mno, hata yakaamuliwa kuwa yamevunja kanuni, jambo ambalo si la kawaida kumpata Spika. Gingrich akatoka hapo akiwa maarufu. Mwaka 1995 kiti cha Spika kilikuwa chake.

Wanaoichukia C-SPAN wanaupenda sana mkasa huu, na siwezi kusema hawana hoja. Kamera iliwafundisha wabunge kuigiza. Lakini tazama vizuri: kilichompa Gingrich nafasi ya kudanganya ni kamera kukatazwa kugeuka. Ingekuwa na ruhusa ya kuonyesha ukumbi kila siku, angekuwa mtu anayehutubia viti, na kila mmoja angeona.

Ushahidi wa hilo ulikuja Januari 2023. Kevin McCarthy alitaka uspika na wabunge wachache wa chama chake wakamwekea kigingi. Kura zikapigwa duru baada ya duru, siku baada ya siku, hadi ya 15. Tangu 1923 hapakuwahi kushindikana kupata Spika duru ya kwanza. Kwa kuwa hapakuwa na Spika, hapakuwa na kanuni, na kwa kuwa hapakuwa na kanuni, C-SPAN wakaruhusiwa kuingiza kamera zao wenyewe na kuzigeuza watakavyo. Lo! Watu wakaona Bunge kwa mara ya kwanza. Wakamwona Alexandria Ocasio-Cortez akizungumza kwa utulivu na Paul Gosar, watu ambao ungedhani hawawezi kukaa benchi moja. Usiku wa mwisho wakamwona Mike Rogers akimwendea Matt Gaetz kwa hasira, na mwenzake akimshika usoni kumrudisha nyuma. Hiyo haikuwa burudani tu. Mpiga kura aliona nani anamfuata nani kumbembeleza, nani ana nguvu, nani anajifanya. McCarthy alipokalia kiti na kanuni zikarudi, kamera nazo zikarudishwa kwenye zizi. C-SPAN waliandika barua kuomba waachiwe, kama walivyokuwa wamewaandikia maspika wengine kabla yake. Hawakuachiwa.

Kuna siku nyingine iliyonifurahisha. Juni 2016 Democrats wakiongozwa na John Lewis, yule mzee wa harakati za haki za raia, walikaa chini sakafuni kudai kura kuhusu bunduki. Waliokuwa na wingi wakaahirisha kikao, na kamera rasmi zikazimwa. Mbunge Scott Peters akatoa simu yake mfukoni akaanza kurusha picha mtandaoni, na C-SPAN wakaichukua picha hiyo ya simu, ya kutikisika, wakaiweka hewani.

Kwa sisi tulio mbali, mambo ya nje ndiyo yanayotugusa. AGOA, sheria inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, ilipitishwa huko mwaka 2000, PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI, ilianzia huko 2003, na mijadala ya kuvipunguza au kuviendeleza inafanyika kwenye vyumba vya kamati ambavyo gazeti la hapa halina mwandishi ndani yake. Ukiwa na subira unaweza kukiangalia kikao kizima mwenyewe.

Chukua kikao cha Kamati ya Mambo ya Nje cha tarehe 13 Februari 2019. Mada ilikuwa Venezuela, na aliyeitwa ni Elliott Abrams, mjumbe maalumu wa Trump. Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia aliyeishi utotoni kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Mombasa, akapewa nafasi. Akaanza kwa kulikosea jina la mgeni: akamwita Adams. Kisha akamkumbusha kwamba mwaka 1991 alikiri kosa la kulificha Bunge habari katika sakata la Iran na Contra, lile la kuiuzia Iran silaha kwa siri na fedha kupelekwa kwa waasi wa Nicaragua, na kwamba baadaye akasamehewa na Rais Bush mkubwa. Akamwambia haoni sababu ya mtu yeyote kuamini ushahidi wake. Abrams akataka kujibu, Omar akamwambia hilo halikuwa swali. Ndipo akaingia El Mozote, kijiji cha El Salvador ambako Desemba 1981 wanajeshi waliofunzwa na Marekani waliua mamia ya watu, watoto wengi miongoni mwao. Abrams aliwahi kuiita rekodi ya Marekani nchini humo mafanikio makubwa sana, naye Omar akamuuliza kama mauaji yale nayo ni mafanikio. Abrams akasema ni swali la kipuuzi.

Kipande cha dakika chache kilizunguka duniani. Wanaompenda Omar walikata pale alipolikosea jina, na wanaomchukia walikata historia ya Abrams wakabakiza ukali wake. Kikao kizima kipo kwenye hazina ya video ya C-SPAN, bure, tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na vikao vya miaka mingi iliyotangulia. Hazina hiyo ilianzishwa 1987 pale Chuo Kikuu cha Purdue, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko chaneli yenyewe. Ukitaka kujua waziri fulani alisema nini kabla ya vita vya Iraq, huhitaji kumuuliza msemaji wake.

Historia nayo wanaifundisha kwa mtindo uleule. Kamera inawekwa darasani chuo kikuu fulani, mwalimu anafundisha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, wanafunzi wanaandika. Basi. Mara kadhaa, 2000, 2009, 2017 na 2021, wamewapa wanahistoria kazi ya kuwapanga marais. Lincoln amekuwa wa kwanza mara zote, hilo halishangazi. Kinachosema kitu ni mwendo wa walio katikati: Ulysses Grant alipanda kutoka nafasi ya 33 hadi ya 20, kwa kuwa vita vyake dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi, na utetezi wake wa watu weusi vimeanza kupewa uzito, huku Woodrow Wilson, aliyeruhusu ubaguzi kwenye ofisi za serikali, akishuka kutoka 6 hadi 13. Waliokufa zamani nao wanahojiwa upya.

Kipindi chao cha simu za asubuhi, ambacho kwetu kinaanguka saa nane au saa tisa mchana kutegemea msimu, kina laini ya Democrats, ya Republican na ya wasio na chama, na ukishapiga unangoja siku 30 kabla ya kupiga tena. Mtangazaji hasemi anachofikiri. Desemba 2014 walikaribishwa ndugu wawili, Brad na Dallas Woodhouse, mmoja Democrat na mwingine Republican, wakaparurana vizuri mpaka ikaingia simu kutoka North Carolina. Mmoja akainamisha kichwa: Mungu wangu, ni mama! Mama akawaambia wayamalize hayo kabla hawajaja nyumbani kwa Krismasi.

Lakini Marekani wasitutambie. Mahakama yao ya Juu hadi leo haitaki kamera. Sauti ya moja kwa moja yenyewe ilikuja Mei 2020, kwa kulazimishwa na Korona. Wakenya, kwa upande wao, walimwona Jaji Mkuu David Maraga mubashara tarehe 1 Septemba 2017 akifuta uchaguzi wa rais. Aliyetaka kusikiliza hoja za mawakili alizisikiliza sebuleni kwake.

Na sisi Tanzania? Mwishoni mwa Januari 2016 Waziri Nape Nnauye alitangaza bungeni kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa kuwa gharama ilikuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Ikasemwa pia kwamba mchana ni saa za kazi. Wapinzani wakapiga kelele, polisi wakaingia ukumbini, na kuanzia hapo wananchi wakawekewa muhtasari wa usiku. Leo Bunge linarusha vikao mtandaoni na hali ni afadhali, sikatai. Lakini kamera na swichi vyote viko chini ya wanaoonyeshwa, yaani yaleyale ya O'Neill, tena bila chombo cha nje kinachoandika barua za kulalamika.

Tuifanyie hesabu ile bilioni 4.2. Tuseme, kwa mfano tu, kuna nyumba milioni moja zinazolipia king'amuzi. Ni shilingi 4,200 kwa nyumba kwa mwaka, 350 kwa mwezi, bei ya chapati. Zikatwe kwenye kifurushi, ziende kwa chombo kisicho cha serikali wala cha chama. C-SPAN wenyewe wanajua udhaifu wa njia hii: Wamarekani walipoanza kuacha kebo, senti zao ziliyeyuka, na huduma kubwa za mtandaoni kama YouTube TV ziliwaacha nje kwa miaka mpaka makubaliano ya 2025. Kwa hiyo sheria yetu ingetaja king'amuzi na intaneti tangu siku ya kwanza. Na ingempa mpiga picha wa chombo hicho ruhusa ya kuigeuza kamera kuelekea viti vya nyuma, hata wakati Mheshimiwa Spika asingependa.